Joto Lilikokwenda

5 Januari

Mdogo wangu Makaa,

Kabla hujauliza: mama yupo, anakula, anagomba. Magoti humsumbua mvua ikinyesha, lakini mdomo haujapatwa na ugonjwa wowote. Mjomba fundi saa ameoa tena, na safari hii mke ndiye anayemtunza yeye. Mimi mzima. Wewe nadhani mzima, kwa sababu nimekuona gazetini.

Nimekuona, ndiyo. Umesimama katikati ya wenzako wa Kikosi, umevaa magwanda yanayobana kama ngozi ya soseji, mikono juu, moto unakutoka viganjani. Kulia kwako yule mnayemwita Fundi Ukuta, mwenye ngozi ya zege, na kushoto yule bibi Masikio, anayesikia mtu akikohoa ng'ambo ya mlima. Wauza samaki walikuwa wanalisoma gazeti hilohilo kwenye foleni yangu. Mmoja akasema, "Hawa waliogeuka wangefungiwa wote kisiwani." Mwenzake akamjibu, "Sawa, lakini huyu wa moto angebaki, ana sura." Nikawauzia barafu yao, nikanyamaza.

Unaona ninavyonyamaza? Wewe unapigiwa makofi kwa kuzaliwa umegeuka. Mimi nikijulikana leo, kesho wanavunja mlango. Ndiyo maana bado naiwasha ile mashine mbovu chumba cha nyuma, ivume tu, watu waamini kwamba ndiyo inayogandisha. Mkono wangu nautia tangini mlango ukiwa na komeo. Nilianza na karai moja, kama hujasahau. Wewe ulikuwa unabeba mapande ya barafu kichwani, yakifika kwa mteja yamebaki nusu kwa joto lako, nami nakutukana njia nzima. Sasa nafungua tangi la pili. Soko linataka mapande mia na arobaini kwa siku, hospitali inataka sitini ya kutunzia dawa. Jumla mia mbili, bila msaidizi, maana msaidizi wangu alikwenda kuwa shujaa.

Uliondoka bila kuniaga, Makaa. Ulimwachia mama salamu zangu kama mtu anavyoacha ufunguo kwa jirani. Sisemi zaidi ya hapo. Nikisema zaidi wino utaganda.

Dada yako


2 Machi

Dada, Bi Barafu wangu,

Salamu zako zimefika na kunizaba makofi mawili, moja kila shavu. Mama mwambie namuombea magoti. Mjomba mpe pongezi, na mke wake mpe pole.

Huku tuko kwenye mji mmoja bondeni. Simu hakuna, nyaya zote zimeangushwa, ndiyo maana nakuandikia kama watu wa zamani. Aliyeziangusha ni Bwana Mizizi. Naye ni mwenzetu, amegeuka kama sisi, ila yeye akikaa mahali vidole vya miguu vinaingia ardhini, vinatambaa chini ya barabara, vinainua nyumba kama mtu anayefunua sufuria aone kama chakula kimeiva. Anautaka mji mzima. Ukikata mzizi mmoja inaota mitatu. Kinachomshinda ni moto tu, kwa hiyo mdogo wako siku hizi ana kazi.

Juzi aling'oa nguzo ya daraja wakati basi la wagonjwa liko katikati. Fundi Ukuta akajilaza chini, akawa nguzo yeye. Mimi nachoma mizizi huku na huku, dereva amekufa ganzi, haendi mbele wala nyuma. Fundi akapiga kelele kutoka chini: "Kanyaga mafuta, ndugu! Mgongo ni wa zege lakini moyo ni wa nyama!" Basi likapita. Tulicheka mpaka Masikio akatuomba tupunguze, masikio yanamuuma.

Usishtuke kuona kingo za karatasi hii ni za kahawia. Nilikaa karibu na taa.

Halafu, dada, swali la kijinga. Hilo tangi la pili umeshalifungua? Lini hasa? Na huwezi kupumzika kidogo? Mwezi mmoja tu. Mchukue mama mkae kwa mjomba, mle, mlale. Umefanya kazi tangu ungali mtoto, maji hayatakukimbia.

Ndimi,
Makaa


17 Aprili

Makaa,

Mama alitutisha. Katikati ya Machi presha ilipanda, akalazwa wiki nzima. Sasa yuko nyumbani, anaulizia nani kahamisha sufuria zake. Wiki hiyo sikugusa maji hata ya kunywa vizuri, nililala sakafuni chini ya kitanda chake. Kwa hiyo hilo pumziko lako nimeshapumzika, ahsante.

Tangi la pili nililifungua tarehe mosi Februari. Swali lingine?

Nashindwa kukuelewa. Mwanamume akiongeza tangi anaitwa tajiri. Mimi nikiongeza naambiwa nikale na kulala kwa mjomba. Uliponiacha, pale palikuwa na karai, kamba na mlango usiofungika. Leo pana sakafu ya saruji niliyoimwaga kwa mikono hii. Hakuna Kikosi kilichonisaidia, wala gazeti halikuja kunipiga picha. Mei naongeza tangi la tatu, mapande mia tatu kwa siku, na anayetaka kuona wivu aone.

Mama ameinusa barua yako, akasema, "Mtoto anaungua." Nikamwambia ni taa. Akasema, "Taa gani hiyo inayochoma kingo zote nne?"

Tangu hapo amerudia mara ngapi sijui ile hadithi ya siku uliyozaliwa. Mkunga alivyokuangusha kwenye mto wa kulalia kwa sababu ulimchoma vidole. Na mimi wa miaka sita, niliyekuwa nakoga uani, walivyonikuta nimenasa ndani ya beseni, maji yamekuwa jiwe. Kabla ya hapo, anasema, nilikuwa mtoto kama watoto wengine. "Mlianza saa ileile moja," anasema, "kama saa mbili za mjomba wenu alizozitia ufunguo pamoja." Halafu analia, nami sijui analilia nini.

Andika. Na hiyo taa isogeze.

Dada


9 Juni

Dada,

Usishangae kupata bati. Karatasi zimenishinda, kalamu nazo zinayeyuka. Naandika kwa msumari, kwa hiyo machache.

Nimeshukuru mama kupona. Wiki ile aliyolazwa mimi nililala na blanketi. Blanketi, dada! Fundi Ukuta alikaa karibu yangu tukacheza karata. Sasa ananiletea chakula kwa koleo, kutoka mbali. "Bwana mkubwa," anasema, "kimekuja kibichi, malizia mwenyewe."

Bwana Mizizi amesogea. Moto wa kumrudisha ninao, tena unazidi. Mei umezidi sana. Nalala kwenye maji ya mto, nikiamka yanachemka.

Siombi kitu. Hongera kwa tangi la tatu.

M.


4 Julai

Makaa,

Mama hajambo. Salamu zimeishia hapo.

Bati lako nimelisoma mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa hesabu. Februari nimefungua tangi la pili, Machi karatasi yako imeungua. Wiki ya hospitali mkono wangu umekauka, wewe unatafuta blanketi. Mei nimeongeza la tatu, na wewe mwenyewe umechora kwa msumari: Mei umezidi sana. Mtu akitaka kubisha hapo, abishe na ukuta.

Maji hayawi barafu mpaka joto lake limetoka. Hilo nalijua kuliko jina langu. Na likitoka lina pa kwenda. Friji yoyote ya dukani ina mgongo wa moto, weka mkono nyuma yake utajua. Miaka yote hii nagandisha, naongeza, najisifu, na hata siku moja sijajiuliza mgongo wangu uko wapi.

Mgongo wangu ni wewe.

Na ulijua! Ulijua ukaniandikia "taa". Ulijua ukaniandikia "hongera". Unanipa pongezi, mtoto wa mama, nami nakupika! Una akili gani wewe? Ungesema neno moja. Hata neno moja lisilo na adabu, ningekasirika, ningekutukana, halafu ningetoa mkono wangu majini.

Nimefunga. Mlango una kufuli na matangi yamekauka. Hospitali nimewatafutia kiwanda kingine, ni mbali lakini dawa haziharibiki. Wauza samaki hawakukubali, wakachanga wakamleta fundi aitengeneze ile mashine yangu ya kelele. Ameifungua, amekuna kichwa, akaniambia, "Mama, hii haina hata bomba la gesi. Ilikuwa inagandisha kwa nini?" Nikamjibu, "Kwa ukaidi."

Sasa utakuwa umepoa. Vaa sweta urudi nyumbani. Huo mji una Kikosi kizima, mimi nina mdogo mmoja.

Dada


23 Julai

Dada yangu,

Naandika kwa penseli, kwenye karatasi, na karatasi ni nyeupe. Mwandiko unatetemeka kwa sababu meno yananigongana. Mwambie mama simwambii hili ili ajue nasikia baridi, namwambia ajue niko hai.

Moto ulikatika asubuhi moja, nikiwa nimesimama sokoni mbele ya mizizi. Nilinyoosha viganja vikatoa moshi, kama kibatari kilichokwisha mafuta. Fundi Ukuta alikuwa nyuma yangu, amebeba paa la duka watu watoke. Walitoka. Yeye hakutoka.

Sikulaumu. Usinichukulie hata sentensi moja humu kuwa lawama. Hukujua, na asiyejua hakukosea. Mimi niliyejua ndiye niliyekuficha.

Kwa nini nilikuficha? Unakumbuka siku uliyouza pande la kwanza? Ulirudi umetembea katikati ya barabara. Tangu utotoni tulitembea pembeni, tukijibana ukutani mtu asituguse akajua. Siku ile gari likakupigia honi, nawe hukupisha. Nikasema moyoni, huyu mimi siwezi kumrudisha pembeni. Nikafikiri nikienda mbali, uzi huu unaoniletea joto lako utakatika wenyewe. Nikaondoka bila kukuaga kwa sababu ningekuaga ungeniuliza, na wewe ukiuliza mimi husema. Uzi haukukatika. Basi nikajiambia, kama joto linakuja litumike. Basi lile la wagonjwa darajani ulilivusha wewe, dada. Hawakukupiga picha tu.

Sasa sikiliza, wewe ni mtu wa hesabu. Mji huu una watu elfu nne na mizizi imeuzunguka wote. Moyo wake Bwana Mizizi anauficha chini kabisa. Masikio anausikia ukidunda. Anasema kila siku ya mwezi mpevu moyo huo unapanda juu ya ardhi mchana kutwa, halafu unashuka. Mwezi mpevu wa Agosti ni tarehe 28. Tukiukosa, wa Septemba hautakuta mtu.

Tarehe 28, kuanzia alfajiri, jaza matangi yote matatu. Gandisha, toa, jaza, gandisha. Usisimame mpaka jioni. Nitakuwa nimesimama juu yake.

Na mimi usinitie kwenye hesabu.

Makaa


1 Septemba

Mdogo wangu,

Barua yako ilinifikia tarehe 26. Ingechelewa siku tatu ningekuwa na kisingizio.

Nilimsomea mama yote, neno kwa neno. Nilitaka anikataze. Nilikuwa nimeshapanga jinsi nitakavyomtii. Akasema, "Hao elfu nne wana mama zao." Akaingia chumbani akajifungia, nikamsikia anazungumza peke yake, anataja jina lako la utotoni. Tarehe 28 alfajiri akatoka na kiti chake, akaja kukaa kando ya tangi, na magoti yale.

Peke yangu nisingeweza kutoa mapande na kujaza. Nikafungua mlango, nikawaita wauza samaki. Mashine sikuiwasha. Wakaingia wakauona mkono wangu majini na maji yakipasuka kuwa barafu. Yule aliyetaka tufungiwe kisiwani akasimama kinywa wazi kama samaki zake mwenyewe. Nikamwambia, "Kisiwani utanipeleka kesho. Leo beba." Akanitazama, akamtazama mama, akavua viatu, akabeba. Wote wakabeba. Hawakuuliza barafu yote hiyo ni ya nani. Tuliimwaga barabarani, watoto wakateleza juu yake.

Kila nilipotia mkono nilikuomba radhi. Mwanzo nilikuwa nasema kwa sauti, baadaye pumzi haikutosha. Kabla ya saa nane mchana tulipita mapande mia sita. Sijawahi kugandisha hivyo maishani mwangu, Makaa. Maji yalikuwa yanaganda kabla sijayagusa, kama yananisubiri. Nikajua uko pale, umesimama, unapokea. Nikasema, shika basi, shika yote, mchome huyo mtu.

Kwenye saa tisa nikatia mkono kwenye tangi la tatu, maji yakabaki maji.

Nikakoroga. Nikahamia la pili, kisha la kwanza. Nikatia mikono yote miwili hadi mabegani. Maji ya kawaida, ya vuguvugu, ya bomba. Yule muuza samaki akauliza, "Umechoka, dada?" Mama aliinuka, akaikunja khanga yake, akanifuta mikono taratibu kama mtoto aliyetoka kuoga. Ndiye aliyetuambia tulianza saa ileile moja.

Andika. Hata kwa msumari.

Dada


19 Oktoba

Makaa,

Mama hali chakula. Mjomba na mkewe wamehamia kwetu kwa muda. Saa zake zinalia chumba kizima na hakuna anayelalamika.

Gazeti limesema Bwana Mizizi amekuwa majivu, mizizi imekauka, watu elfu nne wamefungua madirisha. Picha ipo. Wamesimama Masikio na wengine, na katikati wameacha nafasi mbili. Wameandika kwamba wa moto hakupatikana. Mimi nasema kisichopatikana hakijapotea, kimekosa mtafutaji tu. Kamanda wenu alimtuma kijana na sanduku lako la nguo. Nimemrudisha nalo. Nikamwambia, "Mwenyewe ndiye atakayelileta."

Kila asubuhi natia mkono kwenye beseni. Maji. Naandika barua hizi naelekeza kwenye mji ule ule, na hazirudi. Nalichukulia hilo kuwa kitu.

Kazi nimeipata: nachukua barafu ya kile kiwanda cha mbali kwa mkokoteni, naiuza kwa wauza samaki walewale. Hawajavunja mlango. Yule wa kisiwani husukuma mkokoteni kwenye mlima, na hataki ahsante.

Nilikuwa nakudai kwaheri, ile uliyoninyima. Nimekusamehe. Rudi hata bila kusema lolote.

Dada


24 Novemba

Mdogo wangu Makaa,

Mama amekunywa uji leo, kikombe kizima, na sababu yake ndiyo inayonifanya nikuandikie mbio namna hii.

Asubuhi nilitia mkono kwenye beseni kama kawaida, bila kutegemea kitu, hata macho sikuwa nimeyafungua vizuri. Nikasikia kidole cha mwisho kimebanwa. Nikatazama. Juu ya maji, kuzunguka kile kidole, pametanda utando mwembamba kama wa maziwa yaliyopoa. Ukiupulizia unapasuka. Nikamwita mama, akaugusa, akautia ulimini, akaniambia, "Baridi." Neno hilo moja tu. Akauliza uji uko wapi.

Niliutoa mkono upesi, usiogope. Sikugandisha zaidi. Matangi nimeyapindua yote chini juu, na nikiwa hai hayatajazwa tena.

Nimepiga hesabu ya joto lililotoka pale. Ni kama la kikombe kimoja cha chai.

Popote ulipo, kama umelipata, ni mimi niliyekutumia. Kunywa.

Dada yako